Kima cha chini kimepanda, fedha ya korosho ina msimu wake

Ndugu Mhariri,

Oktoba 2025 Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kitapanda, kwa wastani, kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322, kuanzia Januari 1, 2026. Sipingi. Binti anayehudumia wateja kwenye mgahawa wangu hapa Newala ananunua mchele kwa bei ileile ninayonunua mimi, na maji ya dumu huku juu ya uwanda wa Makonde anayalipia kama mimi.

Kinachotubana ni kalenda. Mshahara ni wa kila mwezi, lakini fedha ya Newala huja kwa msimu. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakalipwa, mtu anaagiza kuku na soda, hata chenji haulizii. Ikifika Machi, huyohuyo anaomba ugali kwa kisamvu, tena: "Andika tu mama, korosho zikitoka nitakulipa." Naandika, maana nikimfukuza, Novemba atakula kwa jirani. Kima kipya nacho kimeanza Januari, msimu ukielekea ukingoni.

Tunaambiwa mishahara ikipanda wafanyakazi watanunua zaidi na biashara itachangamka. Dar es Salaam labda. Wateja wangu wengi ni wakulima, na kipato chao hupangwa na bei ya mnada.

Viwango hutofautiana kwa sekta, ila tuuchukue wastani huo kama mfano. Juu yake mwajiri anaweka asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mtu mmoja anafika karibu shilingi 396,000 kwa mwezi. Mfanyakazi naye anakatwa asilimia 10 yake, kisha kwa kuwa kipato kisichotozwa kodi kinaishia shilingi 270,000, anaanza kulipa kodi ya mshahara, PAYE, ambayo kwa wastani wa zamani haikumgusa. Kiwango hicho cha kuanza kutozwa kodi nacho kingepandishwa.

Baadhi yetu tumeshajua njia za panya, tusidanganyane. Mfanyakazi anasaini kiasi kimoja, anapokea kingine. Au anageuzwa kibarua wa kutwa, bila mkataba wala NSSF. Anayeumia ni yuleyule aliyeongezewa kwenye makaratasi.

Kodi ya makadirio tunalipa kwa awamu nne: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa mikoa ya korosho, Mamlaka ya Mapato (TRA) ihamishie awamu za Machi na Juni kwenye miezi ya minada, na halmashauri ifanye hivyo kwa ada zake. Hapo mshahara wa Aprili utapatikana bila kukopa. Kima kingine kikipangwa, kianze kutumika Novemba. Na afisa kazi anayekuja kukagua mishahara wakati wa msimu, aje pia Mei, nimfungulie daftari la madeni.

Mwenye mgahawa,
Newala, Mtwara