Kaa mtupu asiuzwe, arudishwe kizimbani

Mhariri,

Tangu 2011, chama cha CCM kilipotangaza kwamba kinajivua gamba, ukitaja neno hilo watu hufikiria siasa. Naomba nafasi niwarudishie kaa neno lao, maana wafugaji na wanunuzi wa kaa wa mikoko wanapata hasara isiyo ya lazima.

Gamba la kaa halitanuki. Akitaka kukua hana budi kulitoka. Siku kadhaa kabla huacha kula, huku gamba jipya, laini kama ngozi, likijitandaza chini ya lile kuukuu. Saa ikifika, gamba hufunguka kwa nyuma, naye hutoka kinyumenyume. Hata ngozi ya macho na utando wa tumbo huachwa humo. Kazi pevu ni gando, ule mkono wake wa kubania: nyama yote nene ipite kwenye kiungo chembamba. Wengine hunasa hapo wakafa, wengine hutoka bila gando. Litaota tena, dogo kwanza, na kuongezeka kila anapojivua.

Akishatoka hujaza maji mwilini, akavimba, gamba likakauka akiwa mkubwa zaidi. Kukauka ni siku chache tu, ila nyama ya kujaza gamba huchukua wiki kadhaa. Ndiyo maana kaa mkubwa, msafi, asiye na ukoga, ukimpasua jikoni humwaga maji. Mgeuze, bonyeza kwa kidole gumba karibu na mashina ya miguu. Pakibonyea, ni mtupu, yaani nyama haijajaa.

Kwa wafugaji, kosa kubwa ni kuweka kaa wawili au watatu chumba kimoja cha kizimba, lile boksi la kufugia. Aliyelainika hana silaha. Wenzake humla usiku huohuo. (Baharini dume huwa mlinzi: humbeba jike siku kadhaa akingoja ajivue, kisha humpanda angali laini.) Kila kaa awe na chumba chake. Ukikuta chakula cha jana hakijaguswa, usiongeze, toa mabaki. Yakioza hupunguza oksijeni majini, wakati anayejivua anaihitaji zaidi. Usimshike wala kumfunga kamba mpaka akazike.

Akianza kula, mpe jioni vipande vya samaki au konokono, asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake. Kaa wa gramu 500 apate gramu 25 hadi 50. Baada ya wiki mbili mbonyeze tena. Bado pakibonyea, mwache kizimbani, hata mnunuzi akiwa amesimama ufukweni na mizani yake.

Mfugaji wa kaa,
Tanga