Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Michango ya Makaburi na Punguzo la Kodi

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwenu nyote ndugu wanachama.

Mwaka huu tumezika, tumefyeka, na tumesimamisha upya uzio wa kaskazini ulioangushwa na theluji. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nina jambo moja ambalo limewaumiza baadhi yetu.

Mwezi wa nne alinijia mama mmoja na barua ya mamlaka ya mapato mkononi, imekunjwa mara nne. Alikuwa amenunua viwanja viwili vya kaburi, chake na cha mumewe, na aliyemjazia fomu ya kodi akaviandika kama sadaka. Sasa anadaiwa arudishe punguzo lile, pamoja na riba. Nilikosa la kumwambia, maana sisi viongozi hatukuwahi kulieleza jambo hili. Nawaomba radhi.

Sheria ya Marekani, kifungu cha 170(c)(5), inampa mtu punguzo la kodi ya mapato akichangia makaburi yasiyogawana faida kama haya yetu, yaliyosamehewa kodi chini ya kifungu cha 501(c)(13). Lakini kununua kiwanja ni kununua, si kuchangia. Hata ukitoa fedha ili kaburi la baba yako peke yake litunzwe daima, hazihesabiki. Zinazohesabika ni zile za makaburi yote: uzio, njia, mtaro wa maji, nyasi. Najua ni gumu kulisikia. Mtu akiwa na msiba, moyo wake uko kwenye kaburi lile moja. Ila mtaro ukiziba, maji hayachagui kaburi la nani.

Punguzo hili ni la wanaoorodhesha makato yao kwenye fomu, si wanaochukua lile la jumla, yaani kiasi kimoja kilichowekwa na sheria bila kuorodhesha chochote, ambalo kwa mwaka 2024 lilikuwa dola 14,600 kwa asiye na ndoa na dola 29,200 kwa mume na mke wanaojaza pamoja. Tena kwa makaburi kama yetu haliwezi kuzidi asilimia 30 ya mapato yako.

Kinachonisumbua zaidi ni bahasha za msibani. Noti zinapita mkono kwa mkono, hakuna anayeandika, na bila maandishi sadaka hiyo haipati punguzo. Kuanzia sasa daftari la risiti litakaa getini kila tunapozika. Kwa mchango wa dola 250 au zaidi sheria inataka barua yetu, yenye kiasi na maelezo kama ulipewa chochote badala yake, nawe uwe nayo kabla ya kupeleka fomu. Tutazituma zote kabla ya Januari kuisha.

Vijana mnaokuja kufyeka, muda wenu hauhesabiki, lakini gari lenu linahesabika senti 14 kwa maili. Andikeni safari zenu.

Mwenye barua kama ya yule mama asiondoke. Mweka hazina nami tutabaki kwenye meza ya nyuma baada ya mkutano.