Dada yangu aliacha vidonge kwa sababu ya kichwa chenu cha habari

Mhariri,

Gazeti lenu linaingia nyumbani kwetu Kibokoni tangu marehemu baba yu hai, na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Leo nimeshindwa kunyamaza, kwa ile habari yenu kwamba dawa za sukari zinaleta kansa.

Dada yangu mkubwa ana sukari mwaka wa 11 sasa. Dawa yake ni metformin, kidonge asubuhi na kidonge usiku. Siku ile mjukuu wake alimsomea kichwa cha habari barazani, majirani wakaitikia, na hakuna aliyefika kule chini mlikosema kwamba jambo lenyewe lahusu sindano. Dada akavifungia vidonge kabatini, asimwambie mtu. Wiki ya tatu nilimkuta amejilaza sebuleni saa nne asubuhi, mdomo umemkauka, anaomba maji kila mara, choo hakimpi nafasi. Kumpima, sukari 26 mmol/L, imepanda vibaya. Kidonda cha kidole cha mguu, kilichoanza kwa kukwaruzwa na kandambili, kilikuwa kinanuka. Amelazwa siku tisa. Kidole kimesalimika, alhamdulillahi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu: "Gazeti limesema, mdogo wangu. Heri nife na sukari kuliko kansa."

Metformin na hizo sindano ni dawa mbili mbali, Mhariri. Onyo la kansa ya tezi ya shingo lililowekwa kwenye semaglutide, moja ya sindano hizo, ile iuzwayo kwa jina la Ozempic, lilitokana na panya wa maabara. Kwa tahadhari hiyo, mtu ambaye yeye au jamaa yake wa damu amewahi kuugua kansa adimu ya tezi iitwayo medulari hapaswi kuitumia. Hilo mngeliandika wazi lingemfaa mtu. Lakini Shirika la Dawa la Ulaya lilipitia ushahidi mwaka 2023, na halikuona kwamba sindano hizi ndizo zinazoleta kansa hiyo. Mwaka 2024 ukatoka utafiti wa Marekani wa wagonjwa wa sukari zaidi ya milioni 1.6: katika kansa 13 zinazohusishwa na unene, 10 zilipungua kwa watumiaji wa sindano za jamii hii wakilinganishwa na watumiaji wa insulini. Walipolinganishwa na watumiaji wa metformin, nafuu hiyo haikuonekana, na kansa ya figo ilikuwa zaidi upande wa sindano. Yaani kidonge alichokikimbia dada yangu ndicho kilichosimama imara! Na kama mlitaka kidonge cha kukitilia shaka, kipo pioglitazone, ambacho Ufaransa ilisimamisha matumizi yake mwaka 2011 kwa hofu ya kansa ya kibofu. Hicho hamkukitaja hata kwa jina.

Tena kuna hili la mabibi harusi wanaojidunga sindano hizi ili wapungue mwili. Binti wa kaka yangu aliagiza sindano ya kupunguza mwili kwa simu, ikaletwa na bodaboda ndani ya mfuko wa karatasi, saa saba mchana, jua la Januari. Dawa ambayo kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8! Aliyemuuzia hakumuuliza kama kwao kuna aliyeugua tezi. Shangazi yetu alikatwa tezi shingoni zamani, na hadi leo hatujui ilikuwa ya aina gani. Sindano nimeitwaa mimi.

Ninachotaka ni hiki. Ijumaa ijayo, ukurasa ule ule, kwa herufi kubwa zile zile, andikeni majina: sindano mlizozisema ni za semaglutide, liraglutide na tirzepatide; metformin ni kidonge, na habari yenu haikukihusu. Chini yake muandike kwamba mgonjwa asiache dawa kabla ya kumuona daktari. Nitanunua nakala 20 nizigawe mwenyewe kliniki ya sukari. Moja nitambandikia dada mlangoni mwa kabati, maana kidonge cha usiku hata sasa hukitema nikigeuka.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa