Kwa Mwanahawa, kuhusu Saumu na Neria

Harare

Shoga yangu mpenzi Mwanahawa,

Assalaam aleikum. Nakuamkia wewe na wazee wote wa hapo nyumbani, na watoto nawabusu mmoja mmoja. Sisi huku hatujambo, tunashukuru, ingawa joto la Oktoba limetukaba na mvua bado haijaonyesha dalili.

Naomba radhi kwa kimya changu cha miezi minne. Kilichonitoa katika kimya hicho ni ujumbe wa Mama Nuru, kwamba Saumu ametoka eda siku ya Ijumaa, na Jumapili shemeji zake wawili wakafika kuulizia funguo za nyumba na kadi ya pikipiki ya marehemu. Niliusoma nikiwa ndani ya kombi, ndivyo wanavyoziita daladala za huku, nikirudi kutoka Highfield, na mikono ilinitetemeka hata mama niliyeketi naye akanishikia simu. Sikulala usiku ule. Wakati wote nilikuwa nikiwaza jambo uliloniuliza mwezi wa Juni, nami sikukujibu: huyu Neria anayeimbwa katika ule wimbo niliokutumia ni nani, na kwa nini mwanamume mwenye sauti nzito yenye mikwaruzo anambembeleza kama anayembembeleza dada yake.

Basi ni dada yake kweli, kwa maana ya mchezo. Neria ni jina la mjane katika filamu ya Zimbabwe ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliyotokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga na kuongozwa na Godwin Mawuru. Mume anafariki, na kabla machozi hayajakauka shemeji anakomba kila kitu, mali pamoja na watoto, akidai kwamba mila ndiyo inavyotaka. Mwenye sauti hiyo, mwanamuziki Oliver Mtukudzi, aliimba nyimbo za filamu hiyo na pia akaigiza ndani yake kama kaka wa mjane. Katika wimbo anamwambia asivunjike moyo kwa sababu Mungu yuko naye. Nilipousikia mara ya kwanza nilikuwa sijui Kishona hata cha kuombea maji, lakini neno moja nililidaka papo hapo, nalo ni moyo. Moyo wao ni moyo wetu, Mwanahawa, herufi kwa herufi.

Tangu hapo nimekuwa nikimfuatilia mtu huyu kama anayetafuta habari za jamaa yake. Alizaliwa tarehe 22 Septemba 1952 katika hiyo hiyo Highfield, kitongoji cha watu weusi wakati mji huu ukiitwa Salisbury na ukitawaliwa na walowezi. Mwaka 1977 aliingia bendi ya Wagon Wheels, alimokuwamo pia Thomas Mapfumo, na wimbo wake wa Dzandimomotera ukapendwa sana. Baadaye akaunda bendi yake, Black Spirits, akadumu nayo hadi uzee wake. Watu wa huku wanamwita Tuku, na muziki wake wanauita Tuku tu, kwa kuwa wameshindwa kuutia katika fungu jingine lolote: umo mdundo wa ngoma za katekwe za Wakorekore, ambao ndio watu wake, umo mbira, ala yao ya vyuma, umo na ule muziki wa Afrika Kusini wanaouita mbaqanga. Sikiliza gitaa lake vizuri. Haliachi mlio utambae. Anauzima mapema, ukabaki mfupi na mkavu kama wa vyuma vya mbira vinavyobonyezwa kwa kidole gumba.

Lakini si gitaa lililonifanya nikuandikie. Ninachokipenda kwake ni kwamba alichukua mambo ambayo watu huyasemea jikoni kwa kunong'ona, akayaimba mbele ya umati kwa lugha ile ile ya jikoni, bila kumtukana mtu. Mwaka 1998, wakati UKIMWI ukimaliza nyumba nzima nzima katika nchi hii, alitoa albamu ya Tuku Music, na ndani yake mna wimbo wa Todii, yaani tufanyeje. Hakuhubiri. Aliuliza tu, kwa Kishona, kwa Kindebele na kwa Kiingereza, tufanyeje, tufanyeje, mpaka kila anayecheza akajikuta anajiuliza. Niliwahi kuona harusi ambamo wimbo huo ulipigwa, vijana wakaruka juu kwa furaha, na mama mmoja mtu mzima akaketi polepole kwenye kiti, akakunja kanga yake mapajani na kuinamisha kichwa hadi wimbo ulipokwisha. Hakuna aliyemwuliza neno.

Mwaka 2000 akaimba Wasakara. Hilo nalo ukilitamka taratibu utasikia umechakaa ya kwetu. Wimbo unamtaka mtu akubali kwamba amezeeka, na nchi nzima ikaamua kuwa anayeambiwa ni Rais Mugabe. Mwenyewe alishikilia kwamba aliimba juu ya uzee, basi. Wapo waliomlaumu kwa kutosema wazi zaidi, na walimlaumu tena mwaka 2005 alipotumbuiza katika sherehe ya chama tawala. Mimi siwezi kuwa hakimu wa mambo hayo, kwani sikuwapo, na najua kwamba mtu anayekaa na watu wake huchagua maneno yake kwa namna asiyoijua anayetazama kwa mbali.

Narudi kwa Saumu. Mama Nuru anasema hali, hasemi, na anawajibu shemeji zake "nitafikiria" kana kwamba kuna cha kufikiria. Nataka umweleze kwamba hata mfariji wa wajane alifikwa. Tuku alikuwa na mwanawe, Sam, mpiga gitaa na saksafoni, aliyekwisha anza kupanda jukwaani na baba yake. Mwezi Machi 2010 Sam alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka 2012 baba akatoa albamu aliyoiita Sarawoga, ambayo maana yake ni kusalia peke yako. Nimeisikiliza mara nyingi nikipiga pasi usiku, na sauti ninayoisikia humo si ya mtu aliyepona. Aliendelea hivyo hivyo, na vijana aliokuwa amewajengea kituo cha sanaa cha Pakare Paye kule Norton wakaendelea kufika kujifunza kwake.

Alifariki hapa Harare tarehe 23 Januari 2019 kwa maradhi ya kisukari, mwaka mmoja kamili, siku kwa siku, baada ya Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 66 na albamu zaidi ya 60. Serikali ilimtangaza shujaa wa taifa, heshima ambayo haijawahi kupewa mwanamuziki kabla yake, lakini hakuzikwa katika makaburi ya mashujaa. Alirudishwa Madziwa, kijijini kwao, akalazwa na wazee wake.

Sasa kuhusu wimbo ule, kwa maana ndio ninaourudia tangu mwanzo. Katika filamu Neria hashindi kwa kulia. Anakwenda kwenye sheria, na mahakama inamrudishia haki yake. Mwaka 1997 nchi hii ikabadilisha sheria ya mirathi, na mjane akatambuliwa kuwa mrithi wa mumewe. Saumu wetu hana haja ya kungojea sheria mpya, kwa sababu haki yake imo katika Kurani yenyewe: ana watoto wawili, basi ana thumni yake, yaani sehemu moja ya nane, na hiyo ni baada ya kuondoa kile alichochangia mwenyewe, kwa kuwa fedha za maandazi yake zilizonunua mabati si mirathi ya mtu. Shemeji wanaokuja na maneno ya mila wanapita kando ya mila na ya dini pia.

Sasa nijibu haya, tafadhali, na unijibu upesi. Cheti cha ndoa anacho yeye, au kimebaki kwa marehemu mama mkwe? Je, ukoo umekaa na kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na kama amependekezwa, amekwisha fika mahakama ya mwanzo? Funguo ziko mikononi mwa nani hivi sasa, na watoto wanalala wapi? Zile risiti za mabati, si wewe uliyezihifadhi kwenye mkoba wa kahawia? Mjomba Shee anaweza kumsindikiza? Na filamu, nikiituma kwenye simu yako, utakwenda ukaketi naye, muitazame pamoja, umtafsirie pale asipoelewa?

Nakutumia wimbo tena pamoja na barua hii. Mpigie leo, usingoje kesho.

Ni mimi shoga yako,
Mwanamkuu