Barua kwa Mwanangu Kuhusu Vidonge vya Gini Moja

Mwanangu mpendwa Rehema,

Hapa nyumbani sote hatujambo, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeipata, nami nimefurahi kusikia kwamba mmeshafika kwenye somo la mikataba na kwamba mmepewa kesi ya Bi. Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company, ambayo sidhani kama kuna mwanasheria wa Afrika Mashariki aliyehitimu bila kuisoma. Umeniuliza, kwa kuwa nimeishi maisha yangu yote ya kazi ndani ya famasi, kile kitu kilichouzwa na kampuni hiyo kilikuwa nini hasa, na Waingereza wa zama za Malkia Victoria, waliokuwa na reli na telegrafu, waliwezaje kuwa wajinga kiasi cha kukinunua. Swali la kwanza nitalijibu upesi. La pili litanichukua muda, kwa sababu naona umewaita wajinga kabla hujawasikiliza.

Kilikuwa kimpira cha raba kilichojazwa unga uliotiwa asidi ya kaboliki, chenye mrija ambao mtu aliuingiza puani, kisha akakiminya kimpira ili unga utimke kama moshi. Pua iliwasha, mtu akapiga chafya, kamasi zikatiririka, naye akaamini kwamba ugonjwa unamtoka. Bei ilikuwa shilingi 10 za Kiingereza, yaani nusu pauni, ambazo kwa kibarua wa wakati ule hazikuwa fedha ya kuchezea. Lakini tangu mwishoni mwa 1889 mafua makali yalikuwa yameienea Ulaya na kuua watu wengi, na hakuna daktari aliyekuwa na njia ya kuyazuia, hivyo tangazo lililotoka katika gazeti la Pall Mall Gazette tarehe 13 Novemba 1891 liliwakuta watu wamekwisha kuingiwa na hofu. Lilimwahidi pauni 100 yeyote atakayekitumia kimpira mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kwa kufuata maelekezo, kisha akaugua, na likaongeza kwamba pauni 1,000 zimewekwa katika Alliance Bank, mtaa wa Regent, kuonyesha kwamba kampuni haifanyi mzaha. Bi. Carlill alikitumia kuanzia tarehe 20 Novemba hadi tarehe 17 Januari 1892, siku aliyoshikwa na mafua. Mumewe, aliyekuwa amesomea uwakili, alipoandika kudai fedha hizo, aliletewa jibu kwamba, ili kampuni ijikinge na matapeli, bibi huyo ingempasa afike ofisini kwao kila siku akitumie kimpira mbele ya katibu.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani ya Desemba 1892, iliyompa Bi. Carlill ushindi, unaijua kuliko mimi. Ninachotaka ukitazame ni kile ambacho majaji hawakuulizwa. Walipima ahadi, wakapima kukubaliwa kwake, wakazipima zile pauni 1,000 za benki. Kama unga wenyewe unakinga mafua au haukingi, halikuwa jambo lililobishaniwa mbele yao. Mwenye biashara, Frederick Roe, alilipa, kisha akatoa tangazo jipya lenye zawadi ya pauni 200 na masharti makali zaidi, akieleza humo kwamba vimpira viliuzwa kwa maelfu na ni watu watatu tu waliodai zile pauni 100, jambo ambalo kwake lilikuwa uthibitisho kamili kwamba dawa inaponya. Kushindwa mahakamani akakugeuza kuwa sifa! Mkiwa darasani jiulizeni mteja wa kawaida angewezaje kumjibu.

Sasa nije kwa hao unaowaita wajinga. Mtu aliyeugua mwanzoni mwa karne ya 19, akawa na fedha ya kumwita daktari aliyesomea, huenda angetolewa damu, au angebandikwa ruba, au angepewa dawa ya zebaki iliyomtoa udenda na kumlegeza meno. Asiye na fedha hakupata hata hayo. Kidonge cha sokoni hakikumkata mtu wala kumsubirisha, na bei yake ilijulikana. Kwa hiyo aliyekichagua hakuwa amepotewa na akili. Mara nyingine alikuwa amechagua lenye madhara madogo. Kosa la wauzaji, kwa maoni yangu, halikuwa kwamba waliuza vitu visivyofanya kazi yoyote. Waliuza vitu vilivyofanya jambo moja dogo ambalo mwili hulihisi mara moja, wakaliita jambo hilo uponyaji wa kila kitu.

Chukua vidonge vya Beecham. Thomas Beecham alianza maisha akichunga kondoo, akauza dawa zake katika masoko ya Lancashire, na mwaka 1859, akiwa St Helens, akaanza kuvitangaza kwa maneno kwamba boksi moja lina thamani ya gini moja, yaani shilingi 21. Boksi lenyewe aliliuza kwa shilingi 1 na peni moja na nusu, hivyo kila mnunuzi alitoka sokoni akijiona amepata faida. Chama cha Madaktari cha Uingereza kilipovipima mwanzoni mwa karne ya 20 kilikuta shubiri, tangawizi na sabuni, basi. Gharama ya malighafi ya vidonge 56 vya boksi moja ilikadiriwa kuwa sehemu ya nane ya peni moja. Piga hesabu mwenyewe, ukikumbuka kwamba shilingi moja ilikuwa peni 12: boksi liliuzwa kwa zaidi ya mara mia ya thamani ya kilichomo.

Shubiri unaijua, mwanangu. Nimekunywesha mwenyewe ukiwa mdogo, ukaniapiza. Inaendesha tumbo kwelikweli. Lakini tangazo la Beecham halikusema hivyo tu. Lilitaja gesi na maumivu ya tumbo, kuumwa kichwa, kizunguzungu, kujaa baada ya kula, usingizi wa mchana, kutetemeka kwa baridi, joto la ghafla mwilini, kukosa hamu ya kula, kupungukiwa pumzi, kufunga choo, madoa ya ngozi, usingizi wa mang'amung'amu na ndoto za kutisha. Ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la mfamasia utaona kwamba karibu yote yaliyomo ni mambo yanayokuja na kuondoka yenyewe, na kwamba hakuna mtu mzima aliyeumaliza mwezi bila kupatwa na mawili matatu kati ya hayo. Mgonjwa alikimeza kidonge, akaharisha, akalala, na asubuhi kichwa kikawa kimepoa. Shukrani zake zilikuwa za kweli, na barua yake ya ushuhuda pia ilikuwa ya kweli.

Hizo za shubiri nazisamehe nusu. Za kasumba sizisamehi hata kidogo. Katika miji ya viwanda kama Manchester, akina mama waliorudi kiwandani mapema baada ya kujifungua waliwaacha watoto wachanga kwa walezi waliolea wengi kwa pamoja, na mtoto aliyelia alipewa Godfrey's Cordial, kasumba iliyokorogwa katika asali ya miwa. Huko Marekani, Mrs. Winslow's Soothing Syrup iliuzwa tangu 1849 kama dawa ya kuwatuliza watoto wanaoota meno, nayo ilikuwa na mofini, itokanayo na kasumba. Matangazo yake yalichorwa mama kijana aliyetulia na watoto wenye mashavu ya mviringo. Mtoto alinyamaza, ndiyo. Alinyamaza, akaacha kudai ziwa, akakonda, na wengine hawakuamka. Mama aliyeitumia aliona kwa macho yake kwamba dawa inafanya kile kilichoandikwa kwenye chupa, na hapo ndipo ubaya wake ulipojificha.

Utaniuliza serikali ilikuwa wapi. Serikali ya Uingereza ilikuwa ikikusanya ushuru. Tangu karne ya 18 dawa za namna hiyo zilitozwa kodi ya stempu, na ile peni moja na nusu iliyo juu ya shilingi ya boksi la Beecham ndiyo kodi yenyewe. Stempu ilibandikwa kwenye mfuniko au kwenye karatasi ya boksi, ikiwa na nembo ya serikali, na mnunuzi asiyejua aliisoma kama idhini. Wauzaji hawakuwa na haraka ya kumsahihisha. Sheria ya Ufamasia ya 1868 ilipoiweka kasumba katika orodha ya sumu zinazouzwa na wafamasia waliosajiliwa tu, dawa hizi za siri zilipewa msamaha. Wala usidhani kwamba wenye dawa walizisajili kwa hataza, yaani haki ya serikali ya kumlinda mvumbuzi, ingawa watu walizungumza kana kwamba ndivyo: hataza inadai uandike wazi kilichomo, nao walikuwa wanaishi kwa kukificha.

Na magazeti? Nayo yalikula hapohapo. Thomas Holloway, aliyeanza kuuza marhamu mwaka 1837 kisha akaongeza vidonge, alifikia kutumia takribani pauni 50,000 kwa mwaka kwa matangazo; utajiri wake ndio uliojenga chuo cha wanawake, Royal Holloway, kilichofunguliwa na Malkia Victoria mwenyewe mwaka 1886. Niliposoma habari za chuo hicho sikujua nicheke au nishukuru, maana wasichana walielimika kweli. Marekani walikwenda mbali zaidi. Kampuni za dawa ziliweka katika mikataba yao na magazeti kifungu kilichochapwa kwa wino mwekundu, kwamba mkataba wa matangazo utavunjika endapo jimbo litapitisha sheria ya kuzibana dawa hizo. Wewe unayesoma mikataba, kitafakari kifungu hicho: mhariri aliyeandika kuiunga mkono sheria alikuwa akijikatia riziki kwa kalamu yake.

Hukohuko Marekani kulikuwa na Lydia Pinkham wa Lynn, Massachusetts, aliyeanza mwaka 1875 kuuza mchanganyiko wa mitishamba kwa ajili ya maradhi ya wanawake, ukiwa na pombe ya kiasi cha asilimia 18 au zaidi. Sura yake ya bibi mpole ilikuwa kwenye kila tangazo, na wanawake walihimizwa wamwandikie siri zao, kwa kuwa barua zao zitajibiwa na mwanamke mwenzao. Nami naelewa kwa nini waliandika: daktari alikuwa mwanamume, na kuna mambo mwanamke hakuthubutu kuyatamka mbele yake. Bi. Pinkham alifariki mwaka 1883. Wanawake wakaendelea kuhimizwa kumwandikia, na majibu yakaendelea kwenda, hadi gazeti la Ladies' Home Journal lilipochapisha mwaka 1905 picha ya kaburi lake.

Mwaka huohuo mwandishi wa habari Samuel Hopkins Adams alianza kuzianika dawa hizo katika jarida la Collier's, na Juni 1906 Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria iliyolazimisha lebo zitaje pombe, mofini, kasumba, kokeini na vingine kadhaa pamoja na viwango vyake. Hapa pana jambo litakalokupendeza. Mwaka 1911, katika kesi ya dawa iliyodaiwa kutibu saratani, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Holmes, iliamua kwamba sheria hiyo inakataza uongo juu ya kilichomo kwenye chupa, lakini haigusi uongo juu ya kile inachoponya. Bunge lililazimika kuirekebisha mwaka uliofuata.

Uingereza ilichelewa zaidi. Madaktari walichapisha matokeo ya vipimo vyao mwaka 1909. Kamati ya Bunge ikachunguza na kutoa ripoti kali Agosti 1914, mwezi ambao Uingereza iliingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na ripoti ikawekwa kando. Ni sheria ya 1941 ndiyo iliyofuta kodi ya stempu, ikaamuru viambato viandikwe kwenye lebo, na ikapiga marufuku kuutangazia umma tiba za kisukari, kifafa, kifua kikuu, mtoto wa jicho, kupooza na mengine machache.

Kwa hiyo, kama insha yako bado hujaikabidhi, nakushauri uiweke sheria hiyo ya 1941 kando ya hukumu ya Bi. Carlill, na umuulize mhadhiri wako kwa nini ilichukua karibu miaka 50 kutoka kumbana muuzaji kwa ahadi ya fedha hadi kumlazimisha aseme ameweka nini ndani ya boksi. Akikupa jibu, niandikie nami nilijue. Fedha ya vitabu nimemkabidhi mjomba wako, atakutumia Ijumaa.

Ni mimi mama yako akupendaye.