Kisiwa Kile Kina Wenyewe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako ili nijibu makala ya safari mliyoichapisha juma lililopita, iliyoeleza maisha ya vijiji vya mbali katika visiwa vya Indonesia. Mwandishi aliisifu bahari na akausifu ukarimu wa wenyeji, na kwa hayo sina neno. Lakini alipofika kwenye mali alituambia kwamba watu wa huko hawamiliki kitu, kwamba ardhi ni ya wote na samaki ni wa wote, kisha akatukumbusha kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimekaa miaka mingi katika kamati ya ardhi ya gombolola moja, yaani eneo la utawala chini ya wilaya, ya hapa Nile Magharibi, Uganda, na maneno hayo hayo nimeyasikia yakisemwa juu yetu na wageni waliokuja na ramani mkononi. Sijafika Indonesia. Nilianza kufuatilia sheria zao na habari za vijiji vyao kwa sababu ya kazi hii, maana wao kama sisi wana sheria ya serikali upande mmoja na mila ya ardhi upande wa pili, na pande hizo mbili hazijapata kukaa kitako zikaelewana.

Nichukue kisiwa kimoja tu, Haruku, kilichoko mashariki ya Ambon katika visiwa vya Maluku. Msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya kuvijali visiwa hivyo, kwa kuwa karafuu, kabla haijaletwa Unguja na Pemba, asili yake ni Maluku. Katika karne ya 17 kampuni ya biashara ya Waholanzi iliamua kwamba mikarafuu iruhusiwe kukua Ambon na visiwa vichache vya jirani, Haruku kikiwemo, na kwingineko ikatwe. Watu waliopitia jambo hilo hawakuhitaji kufundishwa kwamba mti ni mali. Walijifunza mapema kwamba mti ni mali kiasi cha kuletewa majeshi.

Sasa huyo samaki anayesemwa kuwa ni wa wote. Pale Haruku wana desturi iitwayo sasi, ambayo ni kufunga mavuno kwa muda uliowekwa, iwe ni mavuno ya bahari, ya mto au ya miti, na alama yake ni kigingi kilichofungwa makuti machanga ya mnazi. Samaki wao mashuhuri ni lompa, mdogo jamii ya dagaa, ambaye wavuvi wetu wa Panyimur wangemwona ndugu wa muziri wa Ziwa Albert. Vifaranga wa lompa huonekana pwani kati ya Aprili na Juni, na mara wakionekana sasi hufungwa. Samaki hao wana tabia ya ajabu: mchana hukaa ndani ya mto wa kijiji, usiku hutoka kwenda baharini kula, na alfajiri hurudi. Kwa miezi kadhaa wanapita hivyo mbele ya milango ya watu na hakuna anayewatupia wavu, kwa sababu wako walinzi waitwao kewang, wa nchi kavu na wa baharini, wanaozunguka, wanaokamata na wanaotoza faini. Samaki wakikomaa sasi hufunguliwa, kijiji kizima hushuka mtoni, na kinachovuliwa siku hiyo hutosha kukaushwa na kuwekwa akiba. Serikali ya Indonesia yenyewe iliwapa watu wa Haruku tuzo ya mazingira ya Kalpataru mwaka 1985 kwa ajili ya desturi hiyo. Namwuliza mwandishi wenu kwa heshima: samaki asiye na mwenyewe, ni nani anayelipa faini kwa ajili yake?

Nchi kavu mambo yana tabaka zaidi, na hapa ndipo ninapotaka nikawie kidogo. Mila za ardhi za Indonesia zina kanuni ambayo wanasheria wao wameipokea na kuifanya msingi: mwenye ardhi ni mmoja, na mwenye kilichosimama juu ya ardhi hiyo anaweza kuwa mwingine. Mtu aliyeruhusiwa kupanda minazi au mikarafuu katika ardhi ya ukoo mwingine anamiliki miti yake, anaivuna na kuirithisha, na ardhi inabaki kwa ukoo ule. Nyumba nayo hufuata njia hiyo. Hata mti wa sago, jamii ya mitende, ambao hukaa zaidi ya miaka kumi kabla ya kukatwa na kutolewa unga wa kupikia ule uji mzito wanaoula kwa samaki, hausimami pale kama zawadi ya msitu. Una familia inayoujua na kuungojea. Mgeni akipita anaona pori. Mwenyeji anaona urithi wa babu wa mama, mpaka wa shemeji, na deni ambalo halijaisha.

Wasomaji wa Buganda hawatashangaa, maana mwenye kibanja analima na kujenga na kuuza ndizi zake juu ya ardhi ya mailo, yaani ardhi ya hati ya kudumu, ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine. Wazee wa Unguja nao wanaijua habari ya mtu kuweka rehani mikarafuu bila kuweka rehani shamba. Kwa hiyo jambo hilo si geni kwetu. Tumeacha tu kuliandika.

Na kuhusu daftari, Mheshimiwa Mhariri, ile methali ni ya kweli, ila haisemi nani aliyeshika kalamu. Katika visiwa vya Ambon kuna daftari la mwaka 1814, wakati Waingereza walipokuwa wamevishika visiwa hivyo kwa muda, ambalo liliorodhesha mashamba ya koo yaitwayo dati pamoja na majina ya wakuu wake. Hadi leo warithi hulipeleka mahakamani wanapogombana. Limewasaidia wale ambao mababu zao waliandikwa. Sisi tunalo la kwetu la 1900, Mkataba wa Buganda, ambalo liliandika machifu na watu wakubwa kuwa wenye ardhi, na wakulima waliokuwa wakilima ardhi hiyo hiyo wakajikuta ni wapangaji katika mashamba yao. Hapakukosekana daftari. Lilikuwepo, na jina lililohitajika halikuwemo.

Sheria ya Indonesia ya ardhi ya mwaka 1960 inakiri haki ya jumuiya za kimila juu ya ardhi zao, lakini kwa masharti kwamba haki hiyo bado ipo na haipingani na maslahi ya taifa, na neno maslahi ya taifa ni mlango mpana. Zaidi ya nusu ya nchi kavu yote ya Indonesia ilihesabiwa kuwa eneo la misitu chini ya wizara, na misitu ya kimila ikawekwa ndani ya misitu ya dola, mpaka Mahakama yao ya Katiba ilipotamka Mei 2013 kwamba msitu wa kimila si msitu wa dola. Miaka miwili kabla, mwaka 2011, mahakama hiyo hiyo ilikuwa imefuta vifungu vya sheria vilivyoruhusu serikali kuzipa kampuni haki ya kumiliki matumizi ya maji ya pwani, maana wavuvi wadogo walikwenda kulalamika kwamba bahari yao inakatwa viwanja. Nawasifu majaji, ingawa hukumu husafiri polepole kwenda visiwani, hasa katika nchi yenye visiwa zaidi ya 17,000.

Mfano wa polepole hiyo ni Rempang, kisiwa kilicho karibu na Batam, ng'ambo ya Singapore. Kina vijiji vya zamani vya Wamalayu, watu wa uvuvi na minazi, wengi wao bila hati. Mwaka 2023 serikali ilitaka kuwahamisha wakazi wapatao 7,500 ili kupisha mradi mkubwa wa mji wa viwanda, kikiwemo kiwanda cha kioo, na Septemba mwaka huo wapimaji wakaingia wakisindikizwa na vyombo vya dola. Wakazi wakaziba njia, polisi wakafyatua mabomu ya machozi, na moshi ukawafikia hata watoto waliokuwa shuleni. Hoja iliyorudiwa dhidi yao ilikuwa kwamba hawana cheti. Makaburi ya wazee wao yalikuwepo pale pale. Mtu anayeandika gazetini kwamba watu wa namna hiyo hawamiliki kitu, hata kama anaandika kwa mapenzi na kwa picha nzuri za machweo, anamsaidia yule mwenye tingatinga kumaliza sentensi yake.

Nitasema na ya kwetu, nisije nikaonekana nanyoshea kidole ng'ambo ya bahari peke yake. Sheria yetu ya Ardhi ya 1998 inaruhusu cheti cha umiliki wa kimila kutolewa kwa mtu, kwa familia au kwa jumuiya, na inaitaka kamati izitambue haki za watu wengine juu ya ardhi inayoombewa cheti. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Mezani kwetu, fomu nyingi nilizoziona zilikuwa na jina la mwanamume mmoja, alama nne za mpaka, na ile nafasi ya haki za wengine imeachwa tupu kwa sababu jua limezama na kila mtu anataka kwenda nyumbani. Mimi mwenyewe nimetia sahihi fomu za namna hiyo, na sioni fahari kulisema.

Mwaka jana lilikuja jalada la shamba ambalo ndani yake kuna miembe tisa. Shamba ni la ukoo mmoja, na hakuna anayelikataa hilo. Miembe ilipandwa na shemeji yao, kwa ruhusa ya baba yao, na shemeji huyo sasa ni marehemu. Mjane wake ndiye anayeokota maembe na kuyauza sokoni kulipia karo ya wajukuu. Mwombaji aliiandika ardhi peke yake, akasema kwamba miti huenda na ardhi, kama kitabu cha sheria kinavyosema. Nilipoisoma fomu ile nilimkumbuka yule mtu wa Maluku aliyepanda mikarafuu katika ardhi ya ukoo usio wake, ambaye haki yake kijiji kizima kinaijua na karatasi haina mahali pa kuiweka.

Jalada hilo litarudi mezani mwezi ujao. Nimekwisha kuomba kwa maandishi kwamba kikao kifanyike pale pale shambani, wazee wa pande zote mbili wawepo, na miembe ile ihesabiwe mmoja mmoja mbele ya mjane kabla mtu yeyote hajatia sahihi.

Wako mtiifu,
Mjumbe wa kamati ya ardhi,
Nile Magharibi, Uganda