Mapafu hayaharibiwi na bakteria peke yao

Mhariri,

Makala yenu kuhusu nimonia kali iliwabebesha bakteria lawama zote. Mimi ni muuguzi wa wodi ya wagonjwa mahututi, na ninayoyaona ni tofauti. Mara nyingi dawa zimeshawapunguza bakteria, lakini eksirei ya kifua inazidi kuwa nyeupe, ishara kwamba mapafu yanajaa majimaji. Kinachoendelea kumuumiza mgonjwa ni amri za jeni zake mwenyewe.

Ndani ya seli mna protini iitwayo NF-kB, iliyogunduliwa mwaka 1986 na Ranjan Sen na David Baltimore. Mtu akiwa mzima, protini nyingine, IkB, huizuia isiingie kwenye kiini cha seli. Seli za ulinzi mapafuni zikikutana na vipande vya ganda la bakteria, IkB huvunjwavunjwa, NF-kB huingia kiini na kuwasha jeni za TNF, IL-6 na IL-8, protini zinazochochea uvimbe. IL-8 ndiyo inayoziita chembechembe nyeupe za damu. Hizo zikijaa, humwaga vimeng'enya vinavyojeruhi kuta nyembamba za vifuko vya hewa, majimaji yakavujia humo, na mtu akawa kama anazama nchi kavu.

Lililonisikitisha ni kwamba makala haikugusia breki. NF-kB hiyohiyo huwasha pia jeni za IkB na A20, ambazo kazi yake ni kuituliza. Wengi wanapona kwa sababu breki hizo zinashika kwa wakati.

Hata mashine ya kupumulia (nayo tunaisifu sana) inaweza kuchochea jeni hizo za uvimbe, kwa kuzivuta seli kupita kiasi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2000 ulipotumia mililita 6 za hewa kwa kila pumzi, kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa wa mgonjwa, badala ya 12, vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 40 hadi 31.

Halafu kuna deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, ambayo huzima baadhi ya jeni hizo za uvimbe. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, mwaka 2020, lilionyesha kuwa ilipunguza vifo kwa thuluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia. Mkiandika tena, naomba sentensi hiyo ya wasiohitaji oksijeni isikatwe, maana ndugu wa wagonjwa hutuuliza kama wanaweza kumnunulia dawa hiyo mtu anayekohoa tu nyumbani.

Muuguzi, wodi ya wagonjwa mahututi